Mkwe Wangu na Mbwa Asiyependa Wanaojificha

Ninauza bima mjini Kitale, kazi inayowafanya watu wavuke barabara wakiniona. Wenye matatu na bodaboda hawanisumbui, kwa sababu askari wa trafiki hunifanyia nusu ya kazi. Shida yangu ni bima ya nyumba. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba nyumba yake inaweza kuungua, anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeshika kiberiti. Kwa hiyo nikajifunza kuanza na habari za mbwa. Mbwa huchekesha, na mtu akishacheka atakuvutia kiti.

"Bima hii inamlipia pia mgeni akiumwa na mbwa wako ndani ya boma lako," huwa nasema. "Hospitali, sindano, suruali iliyoraruka, hata fidia akikupeleka kortini."

Hapo ndipo wanapoanza vituko. Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mhindi aliyezaliwa papa hapa na anayeijua Kitale kuliko mimi, aliniuliza kama mbwa akimuuma mwizi, mwizi naye atalipwa. Nikamwambia basi amfundishe mbwa kuuliza kitambulisho kwanza. Alicheka, akaagiza chai, akanunua. Mbwa wake mwenyewe ni jitu la kutisha ambalo likimwona paka huingia chini ya meza.

Sikuishia kuuza tu. Niliwapa watu na mafunzo, tena bure. Usimkimbie mbwa. Usimkodolee macho. Simama wima kama nguzo ya stima, mikono chini, mpaka mwenye nyumba atoke. Usimguse anapokula wala anaponyonyesha. Na wewe mwenye mbwa, funga geti, mchanje, na ukisikia hodi mfunge kabla hujafikiria habari za chai. Nilikuwa nikiyasema haya kwa sauti ya mhubiri, na nilijiamini sana.

Mimi mwenyewe nilikuwa na mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limekunjika, niliyemtoa Saboti angali mdogo. Alikuwa amechanjwa, na mwaka wa kurudia chanjo ulikuwa unakaribia. Hakuwa mkali. Kijana wa kuleta gesi angeingia na pikipiki akipiga honi hadi mlangoni, na mbwa angepiga miayo. Lakini mtu anayechungulia, anayenyata, anayejibanza mahali, huyo kwake alikuwa mwizi hata awe amevaa tai. Niliona hiyo ni akili nzuri kwa mbwa, na nikawasimulia wateja. Sikuwa nimemfikiria mkwe wangu.

Sisi wa upande wa Bungoma tuna mambo yetu. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Siku hizi wengi wamelegeza, wengine huumaliza mwiko huo kwa zawadi na chakula kisha wakasalimiana kama watu wa kawaida. Ila binti yangu aliniletea kijana aliyelelewa kizamani kabisa. Tangu waoane nilimjua kwa mgongo. Mgongo wake ningeutambua katikati ya soko siku watu wamejaa, lakini uso wake niliuona vizuri kwenye picha ya harusi tu.

Nami nilimpenda kwa hilo, tena sana. Nilikuwa mjane mwenye binti mmoja, na huyu mtu alinipa heshima ambayo hata wateja wangu hawanipi. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti huko Bungoma. Kila alipoleta geti la mteja Kitale, alipitia kwangu kuniachia kitu: sukari, samaki, kuku. Utaratibu wetu ulikuwa huu. Anampigia binti yangu simu, binti yangu ananipigia mimi, mimi namfunga mbwa na kuingia jikoni. Yeye anaweka mzigo barazani na kukohoa. Mimi nakohoa kutoka jikoni. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu, na tulielewana kuliko ndugu wengi ninaowajua.

Siku yenyewe simu yangu ilikuwa imezima. Nilikuwa nikitoka nyuma ya nyumba na beseni la nguo nilizofua, yeye akija kwa mbele na kuku kwapani, na kwenye pembe ya nyumba tukakutana uso kwa uso.

Kila mmoja wetu alifanya lililo sahihi. Mimi niligeukia ukuta na kujifunika kichwa na beseni, nguo mbichi na zote. Yeye aliacha njia. Lakini njia yenyewe ilikuwa nyembamba, na kando yake kuna ua wa michongoma niliopanda kuzuia wezi, basi akatumbukia humo kwa kichwa. Ua ulikuwa mnene, haukumpokea mzima. Kilichobaki nje ni ile sehemu ambayo mama mkwe haitaji.

Mbwa alitokea kwenye kivuli chake akatazama. Mtu amejificha kwenye ua. Kuku analia. Bibi wa nyumba amegeukia ukuta na beseni kichwani, bila shaka kwa hofu. Mimi sikuona kilichofuata. Nilisikia tu kitambaa kikiraruka, kisha mtu akivuta pumzi ndefu kupitia meno, bila kupiga kelele, maana kupiga kelele mbele ya mama mkwe nako ni kukosa adabu.

Nikamfokea mbwa kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia, akakimbilia chini ya tangi la maji. Nikabaki na kazi ngumu. Ninajua la kufanya mtu akiumwa, nimelifundisha mji mzima, lakini siwezi kumgeukia, siwezi kumgusa, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kupitishia maneno. Ikabidi nimtumie mbwa.

"Wewe mbwa," nilisema nikiwa ndani ya beseni, "mwambie mgeni kuna mfereji nyuma ya jikoni, na sabuni ya kipande. Afungulie maji yatiririke, aoshe hapo mahali mpaka mkono uchoke. Halafu aende hospitali leo hii."

Kisha sauti ikatoka kwenye miiba, ya unyenyekevu kabisa. "Mbwa, ambia mama sijaumwa. Ni seng'enge tu imenidunga kidogo."

"Mwambie kwa huo ua hakuna seng'enge. Ni michongoma tupu."

"Basi ni mchongoma, mama. Pole kwa usumbufu."

Nilisikia hatua zake zikielekea getini, moja nzito na moja nyepesi. Maji hayakufunguliwa. Nilipoinua ukingo wa beseni, niliona mgongo ninaoujua ukiondoka juu ya bodaboda, amekaa upande kama akina mama wanavyokaa wakienda kanisani. Kuku alikuwa amebaki barazani, miguu imefungwa, ananiangalia.

Jioni hiyo nilicheka peke yangu mpaka nikalia. Sikucheka tena kesho yake. Daktari wa mifugo alipita mtaani akiulizia mbwa wote waliokuwa wamepigana na mbwa mmoja wa sokoni. Mbwa huyo alikuwa amekufa akitokwa na mate, na walishuku kichaa. Wangu alikuwa amerudi nyumbani siku za karibuni na mdomo umechanika. Nilimwonyesha daktari kadi ya chanjo kwa haraka, kama dereva anavyotoa leseni.

"Hii kadi ni nzuri," alisema, "lakini usiweke maisha ya mtu juu yake. Mfunge tumwangalie. Ameuma mtu?"

"Kuna mtu anasema ni mchongoma."

Alinitazama juu ya miwani. "Huyo wa mchongoma achomwe sindano haraka. Mapema inazuia. Akingoja mpaka augue, hakuna dawa, si Kitale, si Nairobi, si popote."

Nilimpigia binti yangu nikiwa nimesimama pale pale. Nikamweleza yote, pamoja na ile sehemu isiyotajwa.

"Mama, ati yeye anasema hajaumwa," binti yangu alisema. "Lakini analala kwa tumbo. Na kwa kazi anakula akiwa amesimama."

"Mwambie bima italipa kila kitu. Hii ndiyo kazi yangu. Hospitali, sindano, suruali, na fidia juu."

Huo ndio ukawa mwisho wa kusikilizwa. Jibu lake lilikuja jioni kupitia binti yangu, nami nakubali lilinigusa ingawa lilinikasirisha. Alisema yeye ndiye mtu wa kupeleka ng'ombe kwa mama mkwe. Hajawahi kusikia mkwe anayepeleka ng'ombe kwa mkono mmoja na kudai fidia kwa mkono wa pili. Ikijulikana Bungoma kwamba amelipwa na mama mkwe kwa sababu ya makalio, atahama. Na kama hajaumwa, hakuna deni, na mama asiwe na wasiwasi.

Mwenzangu wa ofisini naye hakusaidia. Nilipomuuliza nifanye nini, alisema nipige picha ya kidonda niambatanishe. Nilimuuliza kama ana mama mkwe. Akasema anaye. Nikamwambia aanze yeye kumtumia picha kama hiyo, aniambie jibu.

Nilipiga simu asubuhi, mchana na jioni. Kila mara ni seng'enge, kila mara ni mchongoma, mara ikawa chuma cha kazini. Binti yangu alilia, nami nikamkaripia kana kwamba yeye ndiye aliyeuma. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu mdomo wangu huwa mbaya. Miaka hii yote nilikuwa nimewaambia watu kwamba ukiwa na bima unalala usingizi. Mimi nilikuwa nayo, imelipiwa, halali kabisa, na usingizi haukuja.

Kisha mbwa akagoma kunywa maji. Mwanzoni nilijidanganya kwamba amenuna kwa sababu ya kamba. Lakini taya ililegea, mate yakawa yanashuka bila kukatika, na nilipomsogezea bakuli alilitazama kama kitu kinachomtukana. Alinikwaruza mkono kwa jino, bila hasira, kama mtu asiyejua alipo. Niliosha mkono kwa sabuni huku nikimwita daktari. Alikuja na mtu wa kumsaidia, wakafanya walichopaswa kufanya. Mimi nilikaa jikoni nimejiziba masikio. Nilimlilia mbwa huyo, na sitamficha mtu hilo. Hakuwa na kosa. Alikuwa amefanya kazi aliyojua kwa mtu aliyejificha, na ugonjwa haukumuuliza.

Daktari alinawa mikono, akakagua mkwaruzo wangu. "Wewe pia sindano," alisema. "Na yule wa mchongoma, leo."

Sikupiga simu tena. Nilichukua mkoba, nikafunga nyumba, na saa sita nilikuwa Bungoma.

Karakana yake iko kando ya barabara, mabati juu, mageti yameegemezwa kila upande. Mafundi wenzake waliponiona wakaanza kupunguza kugonga vyuma, kwa maana walinijua na walijua sipaswi kuwa hapo. Yeye alikuwa amesimama, maana kukaa hakuwezekani, anachomelea maua ya chuma kwenye geti kubwa jekundu. Alipoinua kichwa, alifanya mambo mawili kwa mpigo: alivuta ile ngao nyeusi ya kazi ikamfunika uso wote, na akaingia nyuma ya geti. Mimi nikageuka, nikalipa geti mgongo. Tukasimama hivyo, kila mmoja upande wake, mbele ya watu.

"Geti," nilisema, "mwambie huyo fundi mbwa amekufa."

Nilisikia chombo cha kuchomelea kikiwekwa chini.

"Mwambie amekufa kwa kichaa. Mwambie asipoupeleka mchongoma wake hospitali leo, nitakuja tena hapa kwa mazishi, na siku hiyo hatanikoholea."

Sauti ilitoka nyuma ya ngao, imebanwa. "Ambia mama pole kwa hiyo mbwa. Lakini pesa ya mama siwezi chukua. Watu watasema nini, si mimi ni mkwe."

"Si pesa yangu," nilisema. Nilisahau kabisa kupitisha kwa geti. "Sikiza. Bima ni harambee ambayo imefanywa kabla ya shida kuja. Kuna Mhindi wa duka la misumari ametoa, kuna Mwislamu anauza nguo karibu na msikiti ametoa, kuna mwalimu wa Saboti ametoa. Hakuna mmoja anayekujua. Wameshachanga, wamekwenda zao. Ukiletewa harambee utakataa?"

Mafundi walikuwa wameacha kugonga kabisa. Mmoja alisema polepole, "Bana, harambee haikataliwi." Lakini yeye hakutoka. Nilisikia tu ule mguu mzito ukihamishwa.

"Na hata hiyo harambee iache," nilisema. "Iache, usichukue hata shilingi. Mimi nina mtoto mmoja. Yeye ana mume mmoja. Sikuja kulipa. Nimekuja kwa sababu ninakupenda na ninaogopa."

Hakuna mtu aliyewahi kunisikia nikisema hivyo, hata marehemu mume wangu nilimwambia kwa mafumbo. Bado hakutoka. Basi nikageuka. Nilizunguka geti lile jekundu, na mkwe wangu hakuwa na mahali pa kujificha tena, nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mabati. Nikamshika mkono. Nilimshika kabisa, kifundo kizima, mbele ya mafundi na wateja na mama mmoja mwenye karai la mahindi, na nikamtoa nje hadi barabarani. Alikuja. Alikuwa na nguvu za kunitupa Webuye kama angetaka, lakini alikuja nyuma yangu, ngao bado usoni, akijikwaa kwa sababu haoni njia.

Hospitalini walitukalisha kwenye benchi moja. Yeye alikaa kwa paja la upande mmoja. Ngao aliivua akaiweka magotini, akainamisha uso sakafuni. Mimi niliangalia ukutani, kwenye bango la kunawa mikono, nikalisoma mpaka likaisha nikalianza upya.

Muuguzi aliniita kwanza kwa sababu ya mkwaruzo. Nilimsikia mkwe wangu akishusha pumzi nilipokunja mkono wa gauni, na ndipo nikaelewa. Alikuwa ameambiwa, kama wengi walivyoambiwa, kwamba sindano za mbwa huchomwa tumboni, nyingi, ndefu, na mgonjwa amevuliwa nguo.

"Ni kwa mkono siku hizi," muuguzi alisema bila kuulizwa, "na kidonda tutakiangalia ndani, na pazia limefungwa. Haya. Wewe kijana umeumwa na nini?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, lakini muuguzi aliinua kalamu akanizuia. "Aseme mwenyewe, mama."

Aligeuzageuza ngao magotini. Kisha akainua uso, na hakumtazama muuguzi. Alinitazama mimi. Ana macho ya kahawia na kovu dogo juu ya nyusi, jambo ambalo picha ya harusi haikuonyesha.

"Niliumwa na mbwa," alisema. "Mbwa ya mama."

"Mama gani?"

"Huyu. Mama yangu."

Muuguzi aliandika, akamwambia akunje mkono wa shati. Akakunja, na mimi sikugeuka.